Pikipiki kuukuu: kukaa huharibu kuliko kutembea

Kilomita hula pistoni, ringi na cheni. Kukaa miaka mingi bila kutembezwa hula vitu vingine kabisa: mpira, petroli, waya na breki. Ndiyo maana pikipiki yenye kilomita chache iliyolala stoo miaka kumi inaweza kukusumbua kuliko iliyotembea kila siku, na ukarabati wake hauanzii kwenye injini.

Kwanza, usiipige kiki ili usikie mlio. Toa plagi, tia oili ya injini kijiko kimoja cha chai ndani ya silinda, acha usiku kucha. Kesho yake ingiza gia ya juu na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole. Ikiwa imekaza, ongeza mafuta ya kulegeza kutu na usubiri siku kadhaa. Ringi zilizoshikwa na kutu, ukizirukia kwa kiki, huvunjika na kukwaruza silinda, na hapo kazi ya subira inageuka kazi ya kuchonga silinda upya.

Wakati unasubiri, shughulikia breki. Pikipiki isiyowaka haidhuru mtu; isiyosimama inaua. Ukifungua breki za ngoma za zamani, usipulize vumbi lake, kwa sababu breki shuu za miaka ya nyuma nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa. Kwenye breki za diski, mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo yakikaa huchemka mapema na kutia kutu pistoni za ndani. Yabadilishe yote, kisha kila baada ya miaka 2. Breki inayoachia ikiwa baridi lakini inashika yenyewe ikipata moto mara nyingi ina kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kilichoziba pale juu kwenye silinda ya mkono. Kizibue kabla hujamlaumu kalipa, yaani kile kifaa kinachobana diski.

Tairi lisome ubavuni. Tarakimu nne za tarehe, mfano 2318, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Litupe hata kama meno yake yamejaa, kwa sababu mpira wake umekuwa mgumu na haushiki barabara yenye maji.

Sasa petroli, na hapa usiwe na haraka. Petroli iliyooza huacha utando kama gundi, na utando huo huziba kwanza jeti ya mwendo mdogo, yaani kijitundu cha kabureta kinachopitisha petroli injini ikiunguruma polepole, ambacho upana wake haufiki nusu milimita. Dalili yake ni pikipiki inayowaka ukivuta choki na kuzima ukiirudisha. Fungua bakuli la kabureta, toa jeti zote, loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha puliza kwa hewa ya pampu. Usichokonoe kwa waya wa chuma. Ukiongeza upana wa tundu kidogo tu, pikipiki itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi siku zote. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu hadi mwisho huku ukihesabu mizunguko, ukaiandike. Ndiyo kumbukumbu yako ya kurudishia.

Kabureta ikiwa safi na dalili haijaondoka, tazama mpira unaoiunganisha na injini. Ukizeeka hupasuka nyufa nyembamba zinazovuta hewa ya ziada. Injini ikiwa inanguruma polepole, nyunyizia maji kidogo hapo. Mlio ukibadilika, umeupata ufa. Kuna wanaotumia petroli kwa jaribio hili. Injini ina moto, maji yanatosha.

Tangi lenye kutu lisiporekebishwa litarudisha uchafu kwenye kabureta wiki hiyohiyo. Toa koki ya petroli, ziba tundu lake, jaza tangi hadi juu maji ya uvuguvugu yenye asidi ya sitriki gramu 50 hadi 100 kwa kila lita, uache saa 12 hadi 24. Suuza, pitisha maji yenye soda ya kuokea, suuza tena, kausha papo hapo kwa hewa ya moto na uzungushie oili kidogo ndani. Ukichelewa kukausha, kutu mpya huanza palepale. Kagua na mfuniko: pikipiki inayozima baada ya dakika chache, na ukifungua mfuniko unasikia hewa ikiingia, tundu lake la hewa limeziba.

Umeme wa pikipiki za zamani hufa zaidi kwenye viungo. Kwangua waya wa ardhi mpaka chuma king'ae. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 ikiwa imepumzika. Injini ikiongezwa kasi isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikizidi 15, regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoichaji betri, imekufa na itaichemsha betri.

Skrubu za pikipiki za Kijapani zina msalaba unaofanana na ule wa kawaida, ila zina kipimo chao cha JIS, yaani kiwango cha viwanda vya Kijapani. Bisibisi isiyo yake hukwangua vichwa. Nunua moja sahihi kabla ya kufungua chochote.

Ikishaanza kutembea, tumia oili yenye alama ya JASO MA, ambayo ni kiwango cha oili za pikipiki ambazo klachi yake inaoga kwenye oili ya injini. Oili za magari za kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze. Tapeti, yaani nafasi ndogo iliyopo juu ya valvu, zipimwe injini ikiwa baridi kabisa. Zinazogonga kidogo ni salama kuliko zisizosikika, kwani valvu isiyofunga vizuri huungua. Vuta cheni nyuma ya sproketi kubwa: ikiinuka zaidi ya nusu ya jino, badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja, maana meno yaliyolika huimaliza cheni mpya haraka.

Na ukijua hutaiendesha mwezi mzima, funga koki na uache injini iungurume hadi ijizime yenyewe, kisha legeza skrubu ya chini ya bakuli umwage matone yaliyobaki.