Nilichojifunza kwenye maswali ya saa 8 usiku

Ndugu uliyeuliza kama mhudumu wa afya anaweza kuelewa mahitaji ya watu transjenda (wale ambao jinsia wanayojitambua nayo ni tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa) kupitia mitandao ya kijamii: mimi ni muuguzi, na nasema ndiyo, ila inategemea unasoma wapi.

Nilianza na posti maarufu, picha za kabla na baada na malumbano yake. Sikuambulia cha kunisaidia kazini. Nilipata somo niliposhuka kwenye maoni, kwa wanaoandika saa 8 usiku bila picha wala jina. Mmoja alieleza kuwa anachoma sindano za testosteroni, homoni ya kiume, na hedhi imekata miezi minne. Je, bado atumie kinga? Watu watatu wakamhakikishia kuwa hawezi kushika mimba. Niliduwaa. Testosteroni si kinga ya mimba. Yai linaweza kupevuka hata hedhi ikiwa imekata. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kumweleza mgonjwa yeyote jambo hilo.

Utakutana pia na wanawake transjenda wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango, vingi kwa mkupuo, wapate estrojeni, homoni ya kike. Damu inaweza kuganda kwenye mishipa, na hatari huzidi kwa mvutaji sigara. Usikimbilie kukemea. Fuatilia mazungumzo hadi chini: mmoja wao alikwenda kliniki, jina la kwenye kitambulisho likaitwa kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka, akaondoka bila kuonwa. Tangu nisome hilo, kabla sijafungua faili nauliza, "Nikuite nani?"

Wapo wenzetu ambao bado humpeleka kila mtu transjenda kwa daktari wa akili, hata aliyekuja na kikohozi. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, iliiondoa hali ya kuwa transjenda kwenye sura ya magonjwa ya akili.

Ukisoma, usipige picha ya skrini maneno ya mtu ukayasambaza, hata kwa nia ya kufundishia. Dozi unazoziona humo usizichukue kabisa.

Halafu angalia kisichoulizwa. Wazee siwaoni humo. Swali la kupima saratani ya shingo ya kizazi karibu sijalikuta, ilhali mwanaume transjenda ambaye bado ana kizazi anahitaji kipimo hicho, na mwanamke transjenda bado ana tezi dume. Hayo nayaanzisha mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, baada ya kumwita kwa jina lake.