Usiache kupaka nyumba rangi kwa ajili ya sanaa

Ndugu yangu, umesema umetoka Bukavu, Kongo, sasa unapaka nyumba rangi hapa Kisumu, na jamaa wanakushauri uache hiyo kazi kwa sababu fundi wa rangi hawezi kuwa mchoraji wa picha dhahania, zile za rangi na maumbo yasiyoiga kitu halisi. Mimi ni fundi wa rangi na nachora pia, miaka mingi sasa. Usiache.

Mtazame Willem de Kooning, mchoraji maarufu wa picha dhahania. Alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, 1904. Akiwa na miaka 12 alikuwa tayari mwanagenzi wa mapambo ya majumba, usiku akisomea sanaa. Mwaka 1926 alijificha melini akaingia Marekani bila karatasi, akapata riziki kwa kupaka nyumba Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalikuja 1948. Hiyo ni miaka 22, kaka! Na zile picha nyeusi na nyeupe alizotundika, nyingi zilikuwa na rangi ya enameli, ile ya milango na madirisha, maana hela ya rangi za wasanii hakuwa nayo. Museum of Modern Art, jumba kubwa la makumbusho ya sanaa New York, ikanunua moja mwaka huohuo.

Kwa hiyo glosi, yaani hiyo rangi ya enameli inayong'aa, inayobaki kazini, mwenye nyumba akikuruhusu, beba. Ila ipake kwenye hadibodi, ule ubao mwembamba mgumu. Glosi ikikauka huwa ngumu, na kwenye kitambaa kinacholegea itapasuka. Ukitaka kitambaa, nunua amerikani, ikaze vizuri kwenye fremu ya mbao, ipake gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, kisha emalshani nyeupe, ile rangi ya maji ya ukutani, mikono miwili. Iache ikauke kabisa kabla hujagusa. Hewa ya ziwani hapa ina unyevu, usiharakishe.

Mvua za Aprili zikianza, kuta za nje hazipakiki. Wengine hulalamika, mimi huo ndio msimu wangu wa kuchora.

Lakini faida kubwa si rangi ya bure. Ni mkono. Ukishapaka ukuta mrefu bila kuacha alama ya brashi, ukachanganya rangi kwa jicho mpaka ikalingana na ya zamani, mwili wako unajua rangi inavyotembea kabla akili haijaamua. Mchoraji dhahania anahitaji hilo kuliko kitu chochote, na kazi yako inakufundisha huku unalipwa.

Jambo moja tu la de Kooning usiliige. Mwaka 1935 aliajiriwa katika mradi wa sanaa wa serikali, akachora kutwa kwa mshahara, kisha akalazimika kuondoka kwa sababu hakuwa raia. Uraia aliupata 1962. Wewe shughulikia kibali chako cha kazi mapema, kabla nafasi ya namna hiyo haijatokea, na risiti zote uziweke.