Nirudie vayolini ama nikae na viola?

SWALI: Mambo mwalimu. Niko na miaka 22, naishi Kayole. Nilianza na vayolini nikiwa primari, nikifika fomu tatu okestra yetu ikakosa mtu wa viola (dada mkubwa wa vayolini, mwili mnene na sauti nzito) nikasukumwa huko na sijawahi kutoka. Saa hii nimepita gredi 8 ya mtihani wa muziki, Jumamosi napiga harusi, katikati ya wiki nafundisha watoto wawili. Shida ni moja, harusini watu wanataka vayolini, mimi naulizwa tu mbona vayolini yako imenona hivi. Mamangu anasema nimepoteza muda. Nirudi?
Wa Katikati, Kayole

JIBU: Wa Katikati, pole, mimi makanga walishanilipisha kiti cha pili juu ya hiyo "imenona" yangu.

Usirudi. Na sikufariji, ni hesabu tu: wapiga vayolini hapa Nairobi nikiwatafuta nawapata kabla chai ipoe, wa viola naanza kuomba namba kwa watu, na hakuna kwateti ya nyuzi (vayolini mbili, viola na selo) inakamilika bila yeye. Kusukumwa pia si aibu. Lionel Tertis alishika viola akiwa mwanafunzi London kwa sababu wenzake walikosa mtu wa kwateti, na ndiye alifanya Waingereza waanze kuiheshimu. William Primrose naye alikuwa wa vayolini kabisa, akahamia viola mwaka wa 1930 akiwa na miaka 25 ama 26, yaani wewe bado uko mapema.

Hata wakubwa hukosea. Mtunzi Mwingereza William Walton aliandika koncheto ya viola (kipande cha mpigaji mmoja na okestra) akimfikiria Tertis, mzee akaikataa, ikapigwa mara ya kwanza London mwaka wa 1929 na Mjerumani Paul Hindemith, ambaye kwa watu wengi ni mtunzi tu lakini viola ilikuwa kazi yake. Baadaye Tertis alikubali alikosea akaipiga. Hiyo ya Walton usianze nayo saa hii, anza na koncheto ya Stamitz ama ya Hoffmeister, zote D meja, maana okestra za nje zikifanya usaili mara nyingi huitisha moja ya hizo mbili. Jirekodi video kila mwezi hata kama unajichukia ukiisikiza (utajichukia). Halafu tafuta rafiki wa vayolini mjifunze ile Sinfonia Concertante ya Mozart ya 1779, hapo viola haiko nyuma ya mtu, wanajibizana sawa kwa sawa. Mozart mwenyewe kwa kwateti alipenda kukaa kwa viola.

Sasa harusi. Wacha kung'ang'ana kulia juu kama vayolini, hutawashinda. Chukua wimbo wa bibi harusi kuingia, tumia vidole vilevile ungetumia kwa vayolini, uzi wa kwanza kwa uzi wa kwanza, wa pili kwa wa pili, viola yenyewe itaushusha, na umwambie wa kinanda naye ashushe ki (key) ya wimbo: kama ulikuwa A yeye apige D ya chini yake. Wimbo utalia kwa ile sauti nzito na watu watageuka wenyewe. Na useme bei yako kabla ya siku, si baada ya keki.

Watoto usiwaache, ongeza wafike watano ama sita, hiyo ndio kodi ya nyumba. Bega likianza kuuma usivumilie, viola haina saizi moja, kuna za inchi 15 na kuna za 16 na nusu, labda umebeba iliyokuzidi.

Mama mpigie uzi wa C, ule mzito kabisa ambao vayolini haina, peke yake jioni moja, kwa nyumba, taarabu ya jirani ikizimwa.