Gemu inakrashi? Weka chini kwanza hiyo flashi ya Windows

Madogo mnaoanza ufundi wa kompyuta, mambo vipi. Nimeona nimwage vitu viwili vitatu maana kila wiki naletewa mashine ambayo imeshapita kwa fundi mwingine, mteja anakwambia kaka hii imeshapigwa Windows mara 3 na gemu bado inajifunga, ukimuuliza huyo fundi aliangalia nini kwanza anabaki anakutazama tu. Naelewa, kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, ni kazi ya dakika 40 na hela inaingia fasta, hata mimi mwaka wa kwanza ndo ilikuwa dawa yangu ya kila ugonjwa. Ila gemu inayokrashi mara nyingi tatizo wala haliko huko, na ukishafuta kila kitu umefuta na ushahidi wote.

Anza kwa kumuuliza mteja inakufaje. Usikubali jibu la "inakrashi tu", neno hilo watu wanalitumia kwa kila kitu. Je gemu inajifunga yenyewe unarudi desktop na mashine inaendelea kama kawaida? Hapo fikiria mafaili ya gemu, dll (vifaili ambavyo programu inavitegemea) zilizokosekana, ramu, au diski imejaa. Skrini inaganda na sauti inajirudia rudia kama kanda iliyokwama? Nenda upande wa kadi ya grafiksi na draiva yake (programu inayoiendesha kadi), na ramu pia usiisahau. Inatoka skrini ya bluu? Piga picha ile kodi, yaani namba au maneno ya kosa, kabla haijapotea. Inazima pwaa, au inajiristati bila kusema chochote? Hiyo mara nyingi ni joto au umeme, yaani pawa saplai, na huko Windows mpya haikusaidii kitu hata ukiipiga mara 10.

Halafu fungua Event Viewer, daftari ambalo Windows inaandika makosa yake. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika eventvwr.msc, ingia Windows Logs, kisha Application, tafuta zile alama nyekundu za saa ileile gemu ilipokufa. Utaona jina la gemu, jina la faili lililoangukia, na kodi. Kodi ya 0xc0000005 maana yake programu imegusa eneo la memori lisilo lake, inaweza kuwa gemu mbovu, ramu mbovu au faili limeharibika. Ukikuta 0xc000007b mara nyingi ni mchanganyiko wa dll za biti 32 na biti 64, na kama gemu inalalamikia VCRUNTIME140.dll basi weka Visual C++ Redistributable (furushi la dll la Microsoft) zote mbili, x86 ya biti 32 na x64 ya biti 64, watu wanaweka moja halafu wanashangaa. Ukikuta faili ni ntdll.dll, ambalo ni la Windows yenyewe, usikimbilie kusema Windows imeoza, huyo mara nyingi ni shahidi tu, kosa limeangukia mlangoni kwake. Na upande wa System ukiona Kernel-Power 41 usikurupuke kununua pawa saplai, ile inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa, hata ukichomoa waya kwa mkono itaandikwa hivyohivyo.

Sasa niwape aibu yangu. Dogo mmoja wa form six aliniletea kompyuta ya mezani, GTA V inacheza kama dakika 20 hivi, skrini inakuwa nyeusi, feni zinalia kama jenereta, mashine inazima. Kwangu nikaicheza saa 2 nzima haikukohoa hata kidogo nikamrudishia. Kesho yake simu, kaka imezima tena. Ikarudi, nikaweka pawa saplai nyingine, ikacheza freshi nikajisifu kabisa nimepata ugonjwa. Kesho kutwa simu tena. Nikaona isiwe tabu nikapanda boda mpaka kwao. Shikamoo mama, marahaba mwanangu karibu ndani, nyumba inang'aa, naangalia pale kwenye kabati la TV kompyuta imesukumwa kwenye ule uwazi wa chini mpaka mgongo umegusa ubao, na juu yake mama katandika kitambaa cha kufuma cheupe chenye maua ya pinki kimening'inia hadi mbele, na juu ya kitambaa kuna vesi ya maua ya plastiki. Feni ya juu ya keisi ilikuwa inapumulia ndani ya kile kitambaa! Nikafungua HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, kadi iko nyuzi 62 na gemu hata hatujaianza. Tukaianza, namba inapanda tunaiangalia wote watatu, dakika ya 18 ikagonga 96, giza. Kwangu sasa mashine zote nazilaza mezani ubavu wazi na feni ya ukutani inazipiga, ingekufaje? Tukaitoa nje ya kabati, tukapuliza vumbi, hajanipigia tena. Mama alichouliza ni kimoja tu, sasa kitambaa changu nikiweke wapi, tukakihamishia kwenye sabufa.

Tangu siku hiyo swali langu la pili kwa mteja ni mashine inakaa wapi na imechomekwa wapi. Utasikia makubwa. Mwingine yuko kwenye ekstensheni moja na friji na pasi. Mwenye laptopu anaicheza juu ya kitanda, matundu ya chini yamezibwa na godoro.

Diski C nayo iangalieni jamani. Mashine ina ramu GB 8, gemu inataka zaidi ya hapo, Windows inataka kuazima nafasi kwenye diski, inakuta zimebaki MB 900 kwa sababu ya video za harusi ya dada, gemu inajifunga. Hamisha video, imeisha hiyo.

Ramu za kuokoteza ndo ugonjwa wa mjini. Mtu ana kipande kimoja alichonunua nacho na kingine katoa kwenye mashine ya ofisi, spidi tofauti, kampuni tofauti, kuandika Word haina shida ila ikifika gemu nzito inaanguka. Toa zote, zifute meno yake (vile vibati vinavyochomekwa) taratibu kwa raba ya kufutia penseli, chomeka kimoja tu ucheze, kisha kingine. Ukiwa na mashaka weka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi uwashie mashine nayo, iache usiku kucha, ikionyesha kosa hata moja tu hiyo ramu usibishane nayo.

Draiva ya grafiksi ukiibadilisha usiweke mpya juu ya ya zamani, isafishe kwa DDU (programu ya kufuta draiva yote) ukiwa safe mode, yaani Windows imewaka na vitu vya lazima tu, ndo uweke. Windows huwa inaisubiri kadi sekunde 2 tu, isipojibu inairistati draiva, ndo pale skrini inapepesa na gemu inakufa. Na siyo kila draiva mpya ni nzuri, saa nyingine ya nyuma ndo inatulia.

Gemu za kukopi kutoka hard disk ya mshkaji sitaki kuwahubiria, najua maisha, ila jueni antivairasi inakula faili moja kimyakimya na gemu haifunguki, na hapo hakuna cha kutengeneza. Kama ni ya Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, we iambie Steam iverifai mafaili, yaani iyakague, inashusha yale mabovu tu.

Mkikutana na mashine kali yenye Intel kizazi cha 13 au 14 za mezani, gemu inasema memori ya video imeisha wakati kadi ina GB za kutosha, msiilaumu kadi. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri prosesa hizo zilikuwa zinajipa volti kubwa kupita kiasi, wakatoa marekebisho mwezi wa 8 kupitia BIOS (programu ya ndani ya bodi inayowasha mashine) na kuongeza garantii miaka 2. Apdeti BIOS, ila iliyokwisha kuumia haiponi, mwambieni mteja ukweli afuate garantii yake.

Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kwenye daftari, ndo uguse kingine. Ukibadilisha ramu, draiva na setingi kwa mpigo ikapona hujui umeponya nini, ikirudi unaanza upya.

Na kujaribu ni kujaribu kweli. Mteja akisema inakufa baada ya dakika 40 usicheze dakika 10 ukamwita aje achukue. Mi nilishafanya hivyo, jamaa akarudi na keisi begani sijafunga hata kibanda, akaiweka mezani, akavuta stuli akakaa, akasema cheza hapa nikiona. Ilikufa dakika ya 43.