Simu hujipima yenyewe: kwa anayeanza kufuatilia mienendo ya watu kwa vihisi vya simu

Unapoanza kazi hii utashawishika kwenda moja kwa moja kwenye modeli (programu inayojifunza kutambua shughuli za mtu kutokana na data) na grafu. Kabla hujafika huko, nakuomba uelewe jambo moja ambalo mimi nilichelewa kulielewa: simu hupima mwendo wake yenyewe, na mwendo wa mtu aliyeibeba sisi tunaukisia tu.

Nilijifunza hilo katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, tulipotaka kujua akina mama wanaobeba dagaa hutembea kiasi gani kwa siku. Tuliwagawia simu asubuhi na kuwaomba wakae nazo. Jioni, rekodi moja ilionyesha mtu aliyekuwa akikimbia na kurukaruka kwa karibu saa nzima, na nyingine ikaonyesha mtu asiyesogea kabisa. Tulipouliza, mama wa kwanza alikuwa amempa mwanawe simu achezee, na wa pili alikuwa ameiacha juu ya meza ya biashara ili isilowe. Waliobaki, mmoja alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga, mwingine ameiweka kifuani, mwingine kwenye mkoba. Vihisi havikuwa na kosa lolote. Sisi ndio tuliokuwa hatujauliza simu itakaa wapi.

Jaribio rahisi litakuonyesha maana yake. Laza simu ya Android mezani, kioo kikitazama juu, kisha usome aksileromita, yaani kihisi cha mchapuko: mhimili wa z, ule unaotoka wima kwenye kioo, utaonyesha takribani mita 9.8 kwa sekunde mraba, ingawa simu imetulia tuli. Ndani ya kihisi hicho mna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikiliwa na vijispringi, na kinachopimwa ni jinsi kipande hicho kinavyosogea. Meza inayoizuia simu isianguke inatosha kukisogeza. Iachie simu ianguke (juu ya godoro, tafadhali) na kwa muda huo mfupi namba zote zitakaribia sifuri. Kwa hiyo, simu ikipinduka mfukoni, ile 9.8 huhamia mhimili mwingine, na modeli isiyojua hilo itadhani mtu amebadilisha shughuli. Dawa ya kwanza ni kuchukua vipeo vya pili vya mihimili mitatu, kuvijumlisha, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Utapata namba isiyojali simu imeelekea wapi, japo utakuwa umepoteza habari za mwelekeo. Ukichanganya simu za Android na iPhone, kumbuka kwamba iPhone hutoa vipimo vyake kwa kizio cha g (g moja ni ile 9.8) na kwa alama iliyo kinyume.

Usijaribu kupata umbali kwa kujumlisha vipimo vya aksileromita mara mbili. Kosa la mita 0.05 tu kwa sekunde mraba, likiachwa kwa dakika moja, hukupa mita 90 za safari ambayo haikufanyika. Hesabu hatua badala yake.

Kwa kutembea, vipimo 50 kwa sekunde vinatosha, maana mtu wa kawaida hupiga hatua karibu mbili kwa sekunde. Hata hivyo Android haiahidi kwamba vipimo vitafika kwa nafasi sawa, kwa hiyo hifadhi wakati wa kila kipimo. Vilevile simu nyingi husimamisha programu kioo kikizimika ili kuokoa betri. Ijaribu kila aina ya simu kwa usiku mzima kabla ya kuipeleka kazini.

Wengi huanza na data ya watafiti wa Genova, Italia: watu 30 wa miaka 19 hadi 48, simu ikiwa imefungwa kiunoni, shughuli 6. Ni shule nzuri, lakini humo hamna mama mwenye beseni la dagaa kichwani akipanda kutoka ziwani. Watafiti wale waliwatenga watu wa kufundishia modeli na watu wa kuipima, nawe ufanye hivyo. Mtu yuleyule akiwa pande zote mbili, modeli hukariri mwendo wake na kukupa alama za kujidanganya.

Kuhusu ridhaa sina mengi, ila usiipite. Jipiesi ya usiku huonyesha mtu analala wapi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Eleza kwa Kiswahili, na kwa Kiha inapobidi, utachukua nini na utakifuta lini.

Siku hizi, kabla ya kuondoka mwaloni, humwomba kila mshiriki aitikise simu mara tatu mbele yangu, nami huandika daftarini saa ileile na mahali anapoiweka. Kwenye grafu mitikisiko hiyo husimama kama vilima vitatu, na ni kuanzia hapo ndipo ninapooanisha rekodi na daftari.