Kriti kwenye D&D: hesabu dadu kwanza, kelele baadaye

D&D (Dungeons & Dragons) ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, na mashambulizi yanaamuliwa kwa dadu ya pande 20. Meza yetu ya Sinza ishirini ikitua lazima watu wasimame, na mimi napenda sana ile raha. Ila kila akija mchezaji mpya mabishano ni yaleyale, kriti, yaani lile pigo kali, inazidisha nini hasa, maana wengi wamejifunzia kwenye video na kila video ina toleo lake, huyu kaona mchezo mwingine, Pathfinder toleo la pili, ambako ukiipita AC ya adui (namba ya kufikia ili umpige) kwa 10 tayari ni kriti, yule kaona D&D ya zamani, toleo la 3.5, ambako unarusha tena kuithibitisha, afu wote wanakaa meza moja. Mi naongelea D&D toleo la tano, sheria za 2014, ndo tunazochezea.

Kriti ni ishirini kavu, yaani namba ya dadu yenyewe kabla hujajumlisha chochote. Ukiipata umepiga tu, AC ya adui iwe hata 25. Halafu dadu za demeji (madhara anayopata adui) unazirusha mara mbili, ila bonasi yako unaijumlisha mara moja tu, na hapa ndo watu wengi wanapokosea. Upanga mrefu wa 1d8+3 (dadu moja ya pande nane, jumlisha bonasi 3) unakuwa 2d8+3, wastani unatoka 7.5 kwenda 12, haufiki 15.

Kwa hiyo anayefaidi kriti ni mwenye dadu nyingi, sio mwenye bonasi kubwa. Rogi (mhusika mjanja wa kunyemelea) wa leveli ya 5 akishambulia kwa kuvizia ana zile 3d6 za ziada, kwenye kriti zinakuwa 6d6 pamoja na dadu za silaha yake mara mbili, hapo jitu linakaa chini. Na wewe paladini (shujaa mtakatifu) nakuomba usiwe na haraka, smaiti, yaani demeji ya ziada unayolipia kwa nafasi ya uchawi, unaamua BAADA ya kuona umepiga, basi tunza nafasi zako za uchawi usubiri ishirini, 2d8 zinakuwa 4d8 kwa gharama ileile. Uchawi wa mpira wa moto haupati kriti, kwa sababu hurushi dadu ya kushambulia, adui ndo anarusha ya kujiokoa.

Tafuta advanteji pia, yaani kurusha dadu mbili ukachukua iliyo kubwa. Kwa dadu moja una asilimia 5 za kupata ishirini, ukirusha mbili inafika 9.75, karibu mara moja kwenye kila mashambulizi kumi. Na adui aliyepooza au kupoteza fahamu, ukimpiga ukiwa ndani ya futi 5 ni kriti moja kwa moja.

Sasa wenzangu mnaoendesha mchezo. Achaneni na yale majedwali ya adhabu za moja, eti ukirusha moja upanga unakuponyoka au unajikata mguu. Sheria inasema umekosa, basi. Mpiganaji wa leveli ya 11 anashambulia mara tatu kwa zamu, uwezekano wa kupata moja angalau mara moja ni kama asilimia 14, yaani kadiri anavyokuwa hodari ndivyo anavyojikata zaidi?? Hiyo si haki kabisa kwa mtu aliyemlea mhusika wake miezi na miezi.

Na maadui nao wanapata kriti jamani. Adui aina ya oki mwenye shoka la 1d12+3 akipata ishirini wastani ni 16. Mchawi wa leveli ya kwanza ana HP (pointi za uhai) 8, nane za kwanza zinamwangusha, nane zilizobaki zinalingana na HP zake zote, kwa sheria huyo kafa palepale, hakuna hata kurusha dadu za kujiokoa na kifo. Mtu katoka Mbagala na foleni yote ile, nusu saa mchezo umemwishia. Baadhi ya madiemu (waendesha mchezo) wanafuta kriti za maadui leveli ya kwanza, mi sipendi, hofu inapotea. Naweka goblini, maadui wadogo wenye 1d6+2, kriti yao ni 2d6+2, hata ikitoka ya juu kabisa ni 14, mchawi anaanguka ila wenzake bado wana nafasi ya kumkimbilia.