Ukijibu imeli ya mgeni, maneno yake ya chini uyaache ama uyafute?

Ndugu yangu, umeuliza ukijibu imeli uache barua yote ya mgeni pale chini ama ufute, maanake mmoja kalalamika majibu yako hayaeleweki. Mimi nashika bukingi za nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu, na naona usiache yote wala usifute yote, bakisha ile sentensi unayoijibu halafu jibu lako liweke chini yake.

Tuseme mgeni kaandika barua ndeefu, ataka boti ya kumpokea uwanja wa ndege Manda, auliza chumba cha juu kama kiko wazi, magofu ya Takwa waende asubuhi ama jioni, na mtoto wake hali samaki. Wewe wamjibu juu kabisa "sawa, hakuna shida." Shida ipi sasa, boti ama samaki? Na Takwa yenyewe ni mpaka maji yajae ndio boti ipite kwenye mikoko, hilo si swali la kujibiwa sawa! Acha mstari wa boti, chini yake mwambie nahodha atakuwa jeti, pale gatini pa boti, saa ngapi, ruka mstari, acha swali la Takwa umpe saa za maji, hivyo hivyo mpaka mwisho. Salamu zake, baridi ya kwao, nembo ya kampuni yake, futa zote.

Kwa kompyuta, ile programu ya imeli Thunderbird, ukiselekti kipande kabla ya kubonyeza riplai inanukuu hicho tu. Zile alama za > mwanzo wa mstari usiziguse, ndizo zaonyesha maneno ni ya nani, na usimrekebishie mtu spelingi ndani ya nukuu hata kama yakukera. Si sheria yangu hii, mwongozo wa adabu za intaneti RFC 1855 wa mwaka 1995 wasema hivyo hivyo, nukuu ya kutosha kueleweka, isizidi.

Mambo ya wakili ama benki ni mengine, wale wataka mlolongo wote uwepo, waachie.

Na ukifowadi shuka mpaka chini kabisa uone umebeba nini. Kuna nyumba moja huku ilimtumia mgeni mlolongo mzima na huko chini meneja na nahodha wanapatana bei ya boti, mgeni kasoma yote, kafika jeti ataka bei ya meneja, na meneja mwenyewe simu hashiki.